Mwalimu Aliyerudisha Kuku

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuku wetu alirudi nyumbani akiwa kwapani kwa binti yangu Minza, na kabla wiki haijaisha binti huyo alikuwa ameshapangiwa safari ya kwenda Geita kuosha vyombo machimboni. Utaniuliza kuku na safari vinahusianaje. Tulia, nitakueleza. Mimi nikianza kusimulia sipendi kuharakishwa. Baba Minza, ambaye huniharakisha kwa kila kitu, kwa hili alishanyoosha mikono.

Jana ulikuja kuniaga. Ulisema wewe na wenzako mnakwenda vijiji vya upande wa Chato na Geita, kila mmoja na kijiji chake, kuwafundisha watoto kazi za mikono jioni wakishatoka shule, tena bure. Nilifurahi mpaka nikasahau kukupa kiti. Kisha ukasema neno lililoninyima raha usiku kucha. Ulisema, "Bibi, sisi hatutapokea hata punje moja ya mtu." Ulilisema kwa kujivuna kidogo, na sikukulaumu, ujana ndivyo ulivyo. Lakini neno hilo nimeshalisikia zamani kwa mtu mwingine, mtu mwema kama wewe, na nililiona lilivyotaka kuua kazi yake yote. Ndiyo maana nimekuita leo ukae hapa, unywe uji, unisikilize.

Wakati huo nilikuwa mke kijana hapa hapa Kishapu. Minza, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa darasa la nne, na mdogo wake bado alikuwa mgongoni. Minza alikuwa mtoto wa kimya. Ukimtuma anakwenda, ukimwuliza anaangalia chini. Darasani kwao walijazana hadi wengine wakakaa sakafuni, na mtoto wa namna yake mwalimu anaweza kumaliza naye mwaka mzima bila kuisikia sauti yake. Kuzidisha hajui, kugawanya hajui. Baba yake alishakata tamaa. "Huyu wa jikoni tu," alikuwa akisema mbele yake, na mtoto anasikia. Mimi ndani moyo unaniuma, lakini nilikuwa bado mke kijana, ningesema nini?

Ndipo akaja Mwalimu Konsolata. Alikuwa Mzinza wa kule Chato, binti mrefu, mwembamba, amesomea ufundi chuoni. Alipanga chumba pale senta, akaenda kwa viongozi wa chama cha msingi cha wakulima kuomba ghala la pamba. Unajua ghala letu lilivyo: msimu wa kununua pamba ukiisha linabaki na vumbi na popo. Walimpa, maana halikuwa na kazi. Akalifagia mwenyewe, akatangaza kwamba mtoto yeyote akitoka shule, akishakunywa maji na kupumzika, aje. Hakuna ada, hakuna sare, hakuna daftari la kununua.

Mle ndani, mwanangu, watoto hawakukaa kusikiliza. Walifungua baiskeli mbovu na kuifunga tena. Walipima kivuli cha mti kwa kamba wakajua urefu wa mti bila kuupanda. Walifinyanga majiko. Hilo la majiko ndilo lililotugusa sisi akina mama, maana huku kwetu kuni hakuna, tunapikia miti ya pamba iliyong'olewa shambani na samadi iliyokauka, na moshi wake unakuliza machozi mpaka ugali uive. Mwalimu hakuwapa watoto jiko la kuiga. Aliwaambia wachukue udongo wa huku na huku, wachanganye wanavyoona, wachome, waone. Udongo mweusi wa mbugani ulipasuka wote. Wa kichuguu ulishika kidogo. Walitia majivu, wakatia samadi, wakabishana, wakaanza tena. Kisha wakabandika sufuria mbili za maji, moja kwenye mafiga na moja kwenye jiko lao, miti ya pamba ikagawanywa sawasawa, wakakaa kuangalia ipi itatangulia kuchemka. Nasikia siku ile kelele zao zilifika sokoni.

Minza alirudi nyumbani jioni hiyo, akaniambia, "Mama, hewa inaingilia chini. Ukiiachia njia, moshi unapungua." Nilisimama na mwiko mkononi. Mtoto wangu alikuwa hajawahi kuniambia maneno mengi namna ile bila kuulizwa. Akaniomba ruhusa ya kujenga jiko nyuma ya banda letu la kupikia. Baba yake akacheka, akasema tutakula udongo mwaka huu. Lakini aliachwa akajenga, na siku lilipokauka nikapikia ugali, na rundo la miti ya pamba lililokuwa linaisha kwa ugali mmoja safari hiyo likabaki zaidi ya nusu. Baba Minza alikuja, akachungulia mlangoni pa moto, akauliza swali. Minza akajibu. Akauliza jingine. Akajibu tena, anaonyesha kwa kidole. Usiku ule mume wangu alikula amegeuza kigoda chake kumwelekea binti yake.

Sasa nikuambie kuhusu Baba Minza, na yeye mwenyewe yuko pale anasikia, akikana umwulize mama yeyote wa hapa. Mume wangu ni mkono wa birika. Ni mchapakazi, hanywi, hapigi, lakini kutoa kitu kwake ni kama kung'oa jino. Basi asubuhi iliyofuata nilimwona anamkimbiza mtetea wetu wa madoadoa uani, yeye mwenyewe, mtu mzima, amepandisha suruali. Akamkamata, akamfunga miguu kwa kamba ya katani, akampa Minza. "Mpelekee mwalimu wako. Mwambie ni mimi nimempa." Mimi niliingia ndani nikacheka kwa furaha, halafu nikalia kidogo. Unajua mtu anapotoa kitu kwa mara ya kwanza anavyosimama? Alisimama mlangoni akamwangalia mtoto mpaka akapotea njiani.

Jioni kuku akarudi.

"Mwalimu amesema asante sana," Minza alisema, "ila yeye hapokei kitu. Amesema anafundisha bure."

Wewe unaona ni jibu la adabu. Mimi niliyezaliwa Usukumani nililisikia kama tusi. Kwetu mtu akikuletea chakula hajaja kukupima kama una njaa. Amekuja kukuambia kuwa amekuona, na kwamba kuanzia leo mna undugu kidogo. Ukikataa, umemwambia mambo mawili: kwamba yeye si mtu wa kukupa wewe kitu, na kwamba una jambo unaloficha. Mtu anayeogopa kula kwa jirani ana nini tumboni? Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Na si sisi tu tuliorudishiwa. Kumbe mama mmoja alipeleka karanga, zikarudi. Mwingine alipeleka choroko, zikarudi. Bibi mjane aliyekuwa hana kitu alipeleka chumvi kwenye karatasi, nayo ikarudi na asante zake. Kila mmoja alinyamaza kwa aibu akidhani ni peke yake, mpaka siku tulipokutana kisimani ikajulikana kuwa ni wote. Hapo maneno yakaanza. Bure gani hii ya mtu asiyetaka hata chumvi? Wapo waliosema ni fremasoni. Wapo waliosema amekuja kuchagua watoto wembamba awapeleke machimboni wakaingie kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji ambayo mtu mzima hapiti. Ghalani watoto wakaanza kupungua.

Baba Minza hakuamini habari za fremasoni. Yeye alikuwa na maumivu yake mwenyewe. "Kuku wangu amerudi," alikuwa akirudia, "kuku wangu mimi." Ikatokea wifi yangu, dada yake mkubwa, yupo kwetu siku hizo. Alikuwa na mgahawa wa mabanzi machimboni kule Geita, anapikia wachimbaji, na alikuwa anatafuta mtoto wa kumsaidia vyombo. Hakuwa mtu mbaya wifi yangu, usimchukie. Alikuwa amechoka, na aliamini anamwokoa mtoto. Akasema, "Nipe Minza. Shule hawezi, huko jioni anachezea udongo kwa mtu asiyejulikana. Kwangu atakula, na atajifunza biashara." Na shangazi akisema kwetu, amesema. Mume wangu akajibu, "Mchukue. Kesho ni gulio, keshokutwa alfajiri mwende wote."

Minza alikuwa anaosha sufuria. Hakuinua uso. Ule ukimya wake wa zamani ulirudi palepale nikiuona kwa macho yangu, na hilo ndilo lililonitoa woga. Ningeweza kuvumilia mengi, mwanangu, lakini si kumwona mtoto aliyeanza kusema ananyamaza tena.

Nilikwenda kwa mama wa mume wangu.

Mama mkwe wangu alikuwa anaitwa Ng'wana Shija, yaani binti wa Shija, na jina lake jingine sikuwahi kulisikia likitajwa na mtu. Alikuwa mfupi, macho makali, ugoro haumwishi. Mimi nilimwogopa tangu siku ya harusi. Nilipiga magoti nikamweleza yote, nikitegemea aniambie nirudi nikamtii mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu yule katoa kuku," alisema, "na mtu kamrudisha! Kuku pekee aliyewahi kutoka mkononi mwake!" Akajifuta macho, uso ukabadilika. "Pika michembe. Utie karanga nyingi. Twende."

Kesho yake jioni tulikwenda ghalani, yeye mbele na mimi nyuma na bakuli la michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, kichwani. Tulikuta watoto wachache wamezunguka gurudumu la baiskeli, na Minza wangu akiwa kati yao, maana nilikuwa nimemruhusu aende kuaga. Mwalimu Konsolata alipotuona alikuja mbio, akamwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamletea kigoda. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa anaona watoto wanapungua na hajui kwa nini.

Ng'wana Shija akanionyesha niweke bakuli chini, mbele ya mwalimu. Mwalimu akaliangalia, akaliangalia, akasema taratibu, "Asante sana mama, lakini nimeshakula. Na pia mimi sipokei..."

"Kaa chini," mama akamkatiza.

Mwalimu akakaa chini, kwenye sakafu kabisa, kama mtoto.

Mama hakuwa mtu wa Kiswahili kingi, kilikuwa kinamtoka kwa vipande, na mimi nikimsaidia pale anapokwama. Lakini siku ile alisema maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Mwalimu, mikono ya watoto wetu umeifungua. Tumeona, tumefurahi. Lakini ya kwetu sisi wazazi umeifunga. Kila tukiinyoosha, unairudisha. Sasa sisi tukae wapi? Tukae tu tunatazama mtu wa mbali anawalea watoto wetu, sisi hatuna hata karanga ya kuweka?"

Mwalimu akaanza kulia. Akaeleza. Alisema kule kwao alipokuwa mdogo, kulikuwa na mtu aliyefundisha watoto jioni, akaanza kwa kupokea ndizi, kisha samaki, kisha ikawa asiyeleta kitu mtoto wake anakaa nyuma, na mwisho ukawa mchango wa lazima. Yeye na wadogo zake walifukuzwa kwa sababu mama yao hakuwa na cha kuleta. Aliapa kuwa akija kufundisha yeye, hakuna mtoto atakayekaa nyuma kwa sababu ya umaskini. "Ndiyo maana sipokei, mama. Siyo dharau. Naogopa."

Nilimwonea huruma mpaka nikataka kumshika. Ona basi, mwanangu, alikuwa anatulinda, na sisi tukaona anatutukana.

Mama akavuta ugoro wake, akasema, "Yule wa kwenu alidai. Wewe umedai?"

"Sijadai."

"Basi hiki si mchango. Mchango ni kitu unachodaiwa. Hiki nimekileta mwenyewe kwa miguu yangu mibovu. Kama unaogopa kitakutenga na mtoto wa maskini, usikipeleke chumbani kwako. Ukile hapa, na watoto wote. Aliyeleta na asiyeleta wachovye bakuli moja. Kesho nani atajua mama wa nani alipika?"

Mwalimu Konsolata akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi ya baiskeli, akajipaka usoni, watoto wakacheka. Akainuka, akanawa, akawaita wote. Walikula michembe ile mpaka bakuli likang'aa. Mimi nilikuwa nimemkazia macho Minza. Alikula kidogo, akamwachia mwenzake.

Wakati tunaondoka mama akageuka. "Mwalimu, mimi nimemaliza. Ila kuku wa mwanangu siwezi kukuletea mimi. Huyo unamfuata mwenyewe, na leo, maana kesho mtoto anaondoka." Hapo ndipo mwalimu alipojua habari za safari. Alimgeukia Minza, na Minza akaangalia chini.

Alikuja kabla ya giza. Baba Minza alikuwa amekaa uani, dada yake pembeni anafunga mzigo, na kuku wa madoadoa alikuwa amefungwa miguu chini ya kapu, tayari kwa safari. Nguo za Minza zilikuwa kwenye mfuko wa rambo karibu na kuku. Mimi nilikuwa jikoni, nimejibanza nyuma ya mlango, mtoto mgongoni, nasikiliza. Kama mwalimu angekosea neno moja, binti yangu angeondoka na gari la alfajiri.

Alipiga magoti mbele ya mume wangu, vibaya vibaya, kama mgeni asiyezoea namna yetu, akaamkia. Kisha akasema, "Baba Minza, nimemfuata kuku wangu."

Mume wangu alishtuka. "Kuku wako yupi?"

"Yule uliyenipa."

"Yule umemrudisha. Aliyerudishwa ni wangu."

"Nilikosea, baba. Kwetu Chato mgeni akiacha samaki aliyewekewa sahanini, mwenye nyumba halali usiku. Hilo nalijua tangu utoto. Nilijifanya silijui kwa sababu ya woga wangu mwenyewe. Naomba unipe tena."

Wifi yangu akaacha kufunga mzigo. Mume wangu alikuna kidevu, akaangalia kapu, akaangalia mbali. Namjua, alikuwa anataka kukubali na hajui pa kupitia. Akauliza kwa ukali wa bandia, "Na nikikupa, kesho utanidai nini?"

"Nitakudai uje ghalani uone wanachofanya watoto."

"Hicho tu?"

"Hicho tu. Na Minza awepo akuonyeshe."

Basi akacheka. Baba Minza akicheka hucheka puani, lakini ndicho kicheko chake. Akasema, "Kuku huyu hatoki na miguu tena. Anachinjwa hapa, unakula hapa, ndipo nitajua umempokea." Akaitisha kisu.

Nilipika kuku yule kwa jiko la Minza, na sijui kama nilitia chumvi au machozi. Tulikula pamoja, mume wangu upande wake na sisi wanawake, na mama mkwe wangu akiwemo, kwenye mkeka. Sasa unajua firigisi ya kuku kwetu hailiwi na mtu mwingine ila baba wa nyumba. Mimi mwenyewe sikuwahi kuionja, na nilikuwa nimemwekea mume wangu juu kabisa ya sahani yake. Aliishika, akaigeuza geuza, akamwita Minza. "Mpelekee mwalimu wako. Safari hii asirudishe."

Mama mkwe wangu akapiga kigelegele. Mwalimu aliitia firigisi mdomoni akaila pale pale mbele yetu, na wala hakuitafuna upesi.

Wifi yangu akauliza, "Na mtoto je? Gari ni alfajiri." Mume wangu akajibu bila kumwangalia, "Mtoto ana mwalimu wake. Mtu ameshakula kwangu, nitamnyang'anyaje mwanafunzi?" Wifi yangu hakununa. Alinifungulia ule mfuko wa rambo yeye mwenyewe, akanirudishia nguo moja moja. Miaka miwili baadaye alimleta kitindamimba wake kutoka kule machimboni akae kwetu, naye awe anakwenda jioni kwa mwalimu.

Baada ya siku ile, mwanangu, wazazi waliletea ghala lile kila walichokuwa nacho. Sikuambii walileta mali, maana hatuna. Mmoja alileta redio iliyokufa watoto waifungue. Mwingine alikuja na mkokoteni wake wa ng'ombe, akabeba udongo wa kichuguu. Yule mjane wa chumvi alikuwa anakuja kufagia. Na msimu wa pamba uliporudi ghala likahitajika, hakuna aliyeitwa mkutanoni. Wanaume walikuja na miti na nyasi wakajenga banda, Baba Minza akiwa juu ya paa. Banda hilo ndilo limekuwa likijengwa upya na kupanuliwa hadi hili uliloliona jana, lenye bati na taa za jua, ambako na wewe ulipata kushika bisibisi kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umeng'oka meno mawili ya mbele, na hukutaka kuirudisha.

Minza leo ni fundi wa pampu za visima. Wilaya nzima wakiishiwa maji wanampigia simu yeye, na anasema sana, tena mno, mpaka baba yake anamwambia apunguze. Nikimsikia anabishana na watu kwenye simu huwa naacha nilichoshika nikasikiliza. Nashukuru. Namshukuru Mwalimu Konsolata, ambaye aliolewa akahama na hajui ni mara ngapi jina lake linatajwa uani hapa. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye tumeshamzika, na ambaye nilimwogopa bure miaka yote ile. Namshukuru hata mume wangu, ingawa usimwambie.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Fundisha bure, na bure yako iwe ya kweli. Usiombe kitu kwa mzazi, usionyeshe kwa jicho wala kwa mzaha kwamba unakitamani, na usimpende zaidi mtoto wa aliyeleta. Lakini mtu akikuletea kitu kwa mikono yake, kipokee kwa mikono miwili, ukile mbele ya watu, na watoto wote wale. Asiye na kitu mwombe akushikie kamba, akuchotee maji, akuonyeshe njia, naye awe ametoa. Ukiona watoto wanapungua, usiwalaumu wazazi kwamba hawaelewi. Nenda nyumbani kwao ukakae, ule nao. Na ukikosea, kama utakavyokosea, rudi siku hiyo hiyo. Usingoje kesho, kwa sababu hujui kesho kuna gari la nani la alfajiri.

Maana huko uendako kuna mama ambaye hutamwona. Amejibanza nyuma ya mlango, mtoto mgongoni, mwingine amefungiwa nguo kwenye mfuko, na hana ruhusa ya kusema. Anasikiliza utakavyomjibu mume wake. Kila utakaponyoosha mkono kupokea, mkumbuke huyo.

Nenda sasa. Mungu akuweke mbele ya watu wema, na wakikosa wema akupe subira ya kukaa nao mpaka waupate. Akulinde njiani na kwenye magonjwa. Watoto wako wa jioni wawe wengi, na wawe wasumbufu, na siku moja wakusahaulishe walivyokuwa wakimya. Wabeja, mwanangu. Asante kwa kwenda.